Kila nikisaidia watu nabaki na deni. Nifanyeje, Shangazi?

Mwanangu wa Busia, Uganda, barua yako nimeisoma. Una miaka 35, unauza spea za bodaboda karibu na mpaka, na mwezi wa kawaida duka linakuachia faida ya shilingi 900,000. Karo za watoto wa majirani, matanga, harusi, kote umechanga, na sasa SACCO, chama chako cha akiba na mikopo, inakudai 500,000, mke amenuna, na raha ya kutoa huisikii tena. Ndoto yako ni kujenga kituo cha mayatima ukishatajirika. Na mjomba anataka 300,000 za posa ya mwanawe.

Raha imekuishia kwa sababu unatoa kwa kubanwa. Anayelia mbele ya duka ndiye anayepata, na mwenye shida kubwa zaidi labda amekaa kimya nyumbani. Tena hufikishi jambo mwisho: huyu umemlipia muhula mmoja, yule nusu, na hujui waliishia wapi.

Kituo cha mayatima kiache. Mtoto mwenye bibi au ndugu wa kumlea akae kwao, alipiwe shule. Jengo litakula kodi, walinzi na wapishi kabla hajanunuliwa daftari. Na utajiri usiungoje. Sekondari ya chini, S.1 hadi S.4, ni miaka minne. Ukianza na miaka 36, ukasomesha mtoto mmoja kwa wakati, ukifika 60 umewavusha watoto sita. Hilo ndilo lengo la maisha ninalotaka uliandike, pamoja na umri wako katika kila hatua.

Fedha zake ni hizi. Tenga asilimia 10 ya faida, yaani 90,000 kila mwezi. Miezi sita ya kwanza zilipe deni la SACCO na riba yake. Baada ya hapo ziweke kwenye kikundi cha akiba kinachogawana Desemba au Januari, ili fungu lako litoke kabla ya muhula wa kwanza kufunguliwa Februari. Zisikae kwenye simu. Zitaliwa na spea zinazopungua dukani. Usimwahidi mtoto yeyote kabla hujawa na karo ya mihula miwili mkononi, kwa sababu mwezi mbaya wa biashara lazima utakuja.

Mwaka mzima, 90,000 ni 1,080,000. Tuseme shule ya kutwa inadai 280,000 kwa muhula: mihula mitatu ni 840,000. Weka 200,000 za sare, vitabu, rimu ya karatasi, fagio na, kama ni binti, pedi za kila mwezi. Zinabaki 40,000, nazo usiziguse, maana karo hupanda, na ada ya mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, hulipwa mapema mwaka wa S.4. Hapo ndipo wafadhili wengi huanguka: wamelipa miaka mitatu, mtoto anakosa kusajiliwa kwa sababu hakuna aliyeikumbuka ada hiyo. Wengine huanza na watoto watatu kwa pamoja, na kufika S.2 wote wako nyumbani.

Mtoto mchague na mkeo. Ongeeni na mwalimu wa darasa, kwa kuwa yeye anajua nani hufukuzwa karo kila muhula na bado hurudi kusoma. Lipa moja kwa moja kwa shule, kwa namba ya malipo ya mwanafunzi au benki, na risiti iandikwe jina lake. Mzazi akipewa fedha taslimu, njaa ya nyumbani huzila kwanza, wala si kwa ubaya. Omba ripoti kila mwisho wa muhula. Lakini usimpige picha akipokea, na usimwite mbele za watu akushukuru. Ana heshima yake. Furaha uliyoipoteza, mwanangu, utaiona kwenye zile ripoti, alama za hesabu zikipanda toka muhula hadi muhula.

Matanga na harusi ni wajibu wa kuishi na watu, kwa hiyo zina mfuko wake: 50,000 kwa mwezi, kwenye bahasha, na mkeo ndiye aishike. Ikiisha, sema wazi, "Mwezi huu mfuko umeisha, nitakuja na mikono." Nenda ukachote maji, ukapange viti, ukalale matangani. Watu hukumbuka aliyekuja. Na anayetaka mkopo mwambie huna mkopo. Mpe kidogo asichotakiwa kurudisha, au usimpe.

Kuhusu mjomba, nenda kwake mwenyewe wiki hii, usisubiri kikao cha familia ambako utaona haya na kutaja kiasi usichonacho. Mpe 50,000 za bahasha, umwombe akupe kazi ya kusimamia usafiri siku ya posa. Wewe unawajua madereva wote wa Busia na bei zao.