Ukipewa Hong Kong uichambue

Wewe unayeanza kazi ya uchambuzi wa masoko, ipo siku utapewa Hong Kong, na utaanza kwa kukutana na picha za maandamano ya 2019 ya kuipinga serikali: mabomu ya machozi, uwanja wa ndege umekwama Agosti, Chuo Kikuu cha Polytechnic kimezingirwa na polisi Novemba. Usiandike kwa kutegemea picha hizo peke yake. Tarehe 26 Novemba, mzingiro ukiwa haujaisha, hisa za Alibaba, kampuni ya China ya biashara ya mtandaoni, zilianza kuuzwa kwenye soko la hisa ng'ambo ya pili ya bandari, na kampuni ikavuna zaidi ya dola bilioni 11 za Marekani.

Anza na sarafu, halafu ndipo uangalie hisa. Fahirisi ya Hang Seng, kipimo cha bei za hisa kubwa za soko la Hong Kong, ina kiherehere: tarehe 5 Juni 1989, baada ya mauaji ya waandamanaji wa Tiananmen, Beijing, ilipoteza zaidi ya asilimia 20 kwa siku moja, na mji ukaendelea na biashara. Sarafu ndiyo inayokuonyesha kama watu wanahamisha fedha zao. Septemba 1983, Uingereza na China zikivutana juu ya hatima ya Hong Kong, iliyokuwa bado koloni la Uingereza, dola yake iliporomoka hadi karibu 9.60 kwa dola moja ya Marekani. Oktoba bei yake ikafungwa kwenye 7.80, na mpaka leo haijafunguliwa.

Kwetu tuliozoea shilingi inayopanda na kushuka, utaratibu huu unataka utulie uuelewe. Dola ya Hong Kong inaruhusiwa kutembea kati ya 7.75 na 7.85 tu. Watu wakiikimbia hadi ikagusa 7.85, Mamlaka ya Fedha, ambayo ndiyo benki kuu yao, inainunua na kutoa dola za Marekani. Fedha za ndani zinaadimika kwenye mabenki, riba wanayotozana inapanda, na mwenye hela anaona afadhali aziache palepale. Hakuna waziri anayehitajika kutoa hotuba. Mwaka 2019 nyuma ya utaratibu huo kulikuwa na akiba ya zaidi ya dola bilioni 400 za Marekani, na sarafu haikuvuka mipaka yake hata mara moja.

Wengi huishia hapo na kuandika "mji imara". Imara kwa nani? Mwaka huohuo uchumi ulisinyaa kwa mara ya kwanza tangu 2009, na mauzo ya rejareja yakashuka kwa takriban asilimia 11. Mwenye mgahawa mtaa wa Mong Kok hali kwa hisa za Alibaba. Kwa hiyo soma pia takwimu za watalii na pango la maduka. Zinachosha, lakini ndiko maumivu yalikoandikwa.

Jambo la mwisho ni muda. Sheria ya usalama wa taifa, ambayo Beijing iliiwekea Hong Kong, ilianza kutumika tarehe 30 Juni 2020, na Hang Seng ikafunga mwaka ikiwa chini mara nne mfululizo, hadi 2023. Ilikuwa siasa? Sehemu, ndiyo. Lakini kulikuwa na korona, anguko la kampuni za majumba China bara, na riba za Marekani, ambazo Hong Kong inalazimika kuzifuata kwa sababu ya kufungwa kwenye dola. Anayekutajia sababu moja mwulize anauza nini.

Kila siku Mamlaka ya Fedha hutangaza salio la fedha ambazo mabenki yameweka kwake; likishuka, ndiyo dalili kwamba fedha za ndani zinaadimika. Lisome hilo kabla ya magazeti.