Samaki wa madimbwi ya Unguja: shughuli yote iko kwenye makumbi

Wengi wakianza kufuga samaki wa urembo wanakimbilia gapi, sawa, gapi anazaa hata usipomwangalia, lakini jamani kuna samaki wa hapahapa kwetu anaitwa Nothobranchius guentheri, anaishi kwenye madimbwi ya Unguja, dume ana mkia mwekundu wenye ukingo mweusi na ni mdogo tu, kama sentimita 5 hivi, mzuri ajabu. Dimbwi likikauka wakubwa wote wanakufa, mayai yanabaki kwenye tope yanasubiri mvua. Kwahiyo ukitaka azaliane nyumbani lazima umtengenezee kiangazi chake.

Tangi la lita 20 linatosha dume mmoja na majike wawili au watatu. Lifunike, wanaruka hawa. Huku pwani hita ya nini. Chakula wape viluwiluwi vya mbu, wakila hivyo majike wanajaa mayai haraka kuliko chakula cha kopo.

Sasa makumbi ya nazi, ndo yatakuwa tope lao la kutagia. Chukua ule ungaunga wake, chemsha, mwaga maji, chemsha tena na tena mpaka maji yaache kutoka rangi, halafu weka kwenye kopo la aiskrimu ulizamishe ndani ya tangi, watalifuata wenyewe, utaona dume anamkumbatia jike kwa pezi wanatetemeka pamoja, ndo yai limeshatoka hilo. Baada ya wiki moja hivi toa makumbi, chuja kwa kitambaa, minya, tandaza kwenye gazeti. Ukiyaacha majimaji yanaoza, ukiyakausha kabisa mayai yananyauka, yaani unataka ukiminya hata tone lisitoke lakini mkono uhisi unyevu. Funga kwenye kopo lenye kifuniko, andika tarehe na dimbwi walikotoka wazazi, maana wa dimbwi hili na wa lile hatuwachanganyi, kisha weka kabatini.

Hapo subiri kama miezi 3, na usiende na kalenda peke yake, nenda na macho. Chukua yai moja moja uliangalie kwa lenzi, ukiona macho ya mtoto yamekoza na yana duara la dhahabu ndo wakati. Yamwagie makumbi maji yaliyopoa kidogo, kina cha sentimita 5 tu, ndani ya masaa machache wanaanguliwa, na siku hiyohiyo wape artemia (vijidudu vidogo jamii ya kamba wa maji ya chumvi) waliototolewa muda huohuo, wakilala na njaa hawaamki. Wanaojikokota chini bila kupanda juu, kibofu chao cha hewa hakikujaa, mara nyingi sababu ni kulowesha mapema.

Makumbi yaliyobaki usitupe! Mayai hayaanguliwi yote kwa mpigo, mengine yanaendelea kulala, ndo kinga yao mvua ikinyesha siku mbili ikakata. Yakaushe vilevile, weka mwezi mwingine, lowesha tena.