Ukungu wa maji barazani: Tanga ulinishinda, Dodoma nimeuelewa

Mleta mada yuko Nkuhungu hapa Dodoma. Anasema baraza lake kuanzia saa nane mchana halikaliki, maua ya kwenye makopo yanasinyaa, na kuna mtu anamuuzia seti ya mpira na nozeli kumi za kupuliza ukungu wa maji. Anauliza anunue au ni kutupa hela. Mchangiaji wa Mbezi, kule Dar kwenye unyevu wa pwani, kamjibu kwamba ni usanii mtupu: yeye alifunga, akajiona kama amefunikwa kwenye sufuria la wali.

Wakuu, huyo wa Mbezi hasemi uongo. Ila jibu lake ni la Mbezi. Mimi nimefunga mara mbili, kwanza nyumbani kwa mama Tanga, kisha hapa kwangu Nzuguni, na ni mitambo miwili inayofanana kama mapacha.

Tanga nilifunga mwezi wa pili, fukuto limekolea. Nikaning'iniza mpira ukingoni mwa paa, nikawasha, nikamwita mama aje aone maajabu ya mwanawe. Baada ya robo saa mito ya viti imelowa, vigae vinateleza, shati limenigandia mgongoni kuliko kabla sijawasha. Mama hakunisema. Alivuta kiti chake kikavu pembeni, akachukua kipepeo cha ukindu akaanza kujipepea. Ile pampu siku hizi inamwagilia mchicha.

Sababu yake ukitaka kuielewa fikiria mtungi. Maji ya mtungini yanapoa kwa sababu udongo unavuja jasho, jasho linakauka, na kukauka kunakula joto. Wakati hewa imejaa unyevu, jasho la mtungi linabaki ukutani na maji hayapoi sana. Ukungu wa nozeli ni mtungi uliosambazwa hewani, basi. Lita moja ya maji ikikauka yote inakula joto la kilojuli 2,400 hivi. Kausha lita nne kwa saa, hiyo ni kazi ya kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000. Tofauti ni kwamba kiyoyozi unakifungia chumbani, baraza liko wazi na upepo unapita na ubaridi wako kwenda kwa jirani.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, fanya kipimo hiki. Chukua kipimajoto cha kawaida cha ukutani, kitundike barazani kivulini, soma saa tisa alasiri. Kisha funga kitambaa cha pamba kilicholowa kwenye ile ncha yake ya chini, kipepee kwa gazeti dakika tano, usome tena. Namba ya pili ndiyo sakafu: ukungu hauwezi kukushusha chini ya hapo hata ufunge nozeli mia. Kwangu Nzuguni mwezi wa kumi nilipata 32 kavu na 20 mbichi. Tanga kwa mama nilikuja kupima baadaye, 32 na 27. Hiyo nyuzi tano ndiyo yote uliyo nayo ya kuchezea, na usitegemee kupata hata nusu yake mahali pa wazi. Hapa kwangu, siku isiyo na upepo, barazani panashuka kutoka 32 mpaka 27 hivi. Upepo wa Dodoma ukiamka, sipati kitu, nazima.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi ni bati. Kama baraza lako limeezekwa bati tupu bila dari, joto unalolisikia utosini si la hewa, ni la bati linalokuchoma kutoka juu kama jiko. Ukungu haugusi hilo. Mimi nilitandika matete chini ya bati kwanza, nikaweka neti ya kivuli upande wa magharibi, na kusema kweli nusu ya nafuu yangu ilitoka hapo kabla sijafungua bomba. Mkuu, anza na kivuli. Ukiona panatosha, hela ya pampu nunulia mbuzi.

Sasa mtambo wenyewe. Hizi seti za bei nafuu zinategemea presha ya bomba, na kwa maji yetu ya mgao presha hiyo leo ipo kesho haipo. Maji ya tanki la kwenye mnara wa mita tatu hayafiki hata nusu baa (baa ni kipimo cha presha), nozeli zitakojoa tu. Ukungu mwembamba hasa, ule wa hotelini usiolowesha nguo, unatoka kwenye pampu za baa 70, hizo ni za wenye nazo. Mimi natumia pampu ndogo ya volti 12, jamii ya zile zilizomo kwenye bomba la betri la kupulizia dawa, inapiga kama baa tano. Betri na paneli ya jua nilikuwa navyo. Matone yake si membamba sana, kwa hiyo nozeli nimezipandisha juu kabisa, karibu mita tatu, ziangalie nje kidogo, na feni ya kusimama nyuma yangu isukume hewa. Tone likisafiri mbali linakauka njiani. Likikufikia kichwani bado ni tone, umefunga chini mno.

Nozeli kumi ni nyingi. Nilibakiza sita kwa baraza la mita nne kwa tatu. Nilipima kwa ndoo ya lita 20, iliisha kwa dakika kama hamsini, yaani lita nne kila nozeli kwa saa. Halafu nikaweka taima, sekunde 15 inapuliza, 45 inapumzika, kuanzia saa sita mpaka saa kumi. Hapo inakunywa lita 24 kwa siku. Ukipuliza mfululizo unaogesha sakafu tu. Na utafute nozeli zenye kivalvu cha kuzuia matone, la sivyo kila ikizima zinadondoka dakika nzima, na moja lazima iwe juu ya kiti cha mgeni.

Adui mkubwa hapa Dodoma ni chumvi ya maji. Mnaujua ule ukoko mweupe ndani ya birika. Tundu la nozeli ni kama milimita 0.3, unategemea nini? Seti yangu ya kwanza iliziba wiki ya tatu, fundi akaja na sindano akazitoboa, zikawa zinarusha mshale badala ya ukungu. Usitumie sindano. Zifungue, ziloweke usiku kucha kwenye siki, asubuhi suuza, pulizia kwa mdomo. Na chujio weka kabla ya pampu, siyo baada. Lakini dawa yenyewe ni maji ya mvua, hayana ukoko. Mvua ya milimita 10 kwenye paa la mita za mraba 40 ni lita 400, kwa hiyo tanki la lita 2,000 linajaa mapema tu msimu ukianza kukolea. Nalifunga, siligusi mpaka Septemba, linanifikisha katikati ya Novemba, na miezi hiyo ndiyo yenye joto.

Maji hayo yasikae yanachemka kwenye mpira mweusi juani. Maji ya vuguvugu yaliyolala yanazaa bakteria wa mapafu, na wewe unayageuza ukungu na kuyavuta puani. Kila siku kabla ya kuwasha naachia yaliyolala mpirani yamwagike, na mpira wenyewe nimeupitisha kivulini. Sahani za chini ya makopo nazo mwaga, mbu hawaombi ruhusa.

Upande wa mimea, ambao ndio mleta mada anaulilia. Ukungu si kumwagilia. Majani yatatulia kwa sababu hewa inayoyazunguka haiyanyonyi kwa fujo, lakini udongo wa kopo utakauka vilevile, na ukidanganyika na majani yanayong'aa utaua maua ukiwa umekaa nayo. Chomeka kidole. Makangaga na begonia zangu zilifurahi mno, yale makangaga yalikuwa yamekauka ncha kama yameunguzwa, majani mapya yalikuja mazima. Asumini hajali. Aloevera na kaktasi ziondoe kabisa hapo. Maji ya chumvi yakikauka juu ya jani yanaacha unga mweupe na kingo zinaungua. Nilidhani ni ugonjwa, kumbe chumvi tu.

Ugonjwa wa kweli niliupata kwenye mzabibu. Nina mmoja nimeupandisha kwenye kichanja ubavuni mwa baraza. Desemba mvua zimeanza, nina wageni, nikaacha ukungu ukifanya kazi mpaka saa mbili usiku, siku nne mfululizo. Wiki haikuisha, juu ya majani madoa ya njano kama mafuta, ukigeuza chini kuna manyoya meupe. Ubwiri vinyoya. Nikampelekea jani mzee mmoja mkulima wa Mpunguzi, akaligeuza mara moja tu, akaniangalia: "Unaunyunyizia mzabibu majani usiku? Sisi huku kila mvua ikinyesha tunakimbilia dawa, wewe unajinyeshea mwenyewe?" Tangu hapo mwisho wangu saa kumi, majani yapate saa mbili za jua kabla ya giza, na nozeli ya upande ule nimeiziba kabisa. Mvua zikianza nakunja mpira wote naingiza stoo.

Mleta mada, fanya kwanza kile kipimo cha kitambaa kesho saa tisa, uweke namba zako mbili hapa. Na useme kama bati lako lina dari.