Shujaa Akisharudi Nyumbani

Mhariri, swali lenu la wiki liliuliza kama hadithi zote za mashujaa, za kale na za leo, ni safari moja inayosimuliwa kwa majina tofauti. Jibu langu ni kwamba safari hiyo ipo, na inaonekana hata katika visakale vya huku Nyanda za Juu Kusini, lakini inakomea mapema mno: inamfikisha shujaa nyumbani, kisha inanyamaza mahali ambapo hadithi zetu nyingi ndipo zinapoanza kukolea.

Aliyeipa safari hiyo umbo linalojulikana zaidi ni Mmarekani Joseph Campbell, katika kitabu alichokitoa mwaka 1949. Alilinganisha visaasili, yaani hadithi za kale za asili ya watu na mambo, vya mataifa mengi akaona hatua kuu tatu: shujaa anaitwa na kuondoka kwao, anavuka mpaka na kukabili mitihani katika ulimwengu asioufahamu, kisha anarudi na kitu cha kuwafaa watu wake. Hatua hizo alizigawa katika vipengele 17. Mwaka 1928 Mrusi Vladimir Propp alikuwa amekwisha kuorodhesha matendo 31 yanayofuatana katika ngano za kwao, ila Propp hakudai kuwasemea wanadamu wote. Campbell alidai, na dai hilo likawavutia watengeneza filamu, akiwamo George Lucas, ambaye filamu yake ya vita vya anga ilitoka mwaka 1977.

Sisi wa Iringa tuna mfano wa kulipimia dai hilo. Munyigumba, baba yake Mkwawa, alipofariki karibu na mwaka 1879, ulizuka ugomvi wa kurithi utawala. Mtu mmoja aliyeitwa Mwambambe akataka kiti, na kijana Mkwawa akakimbilia Ugogo. Aliporudi walipigana, Mwambambe akauawa, na Mkwawa akawa mtawala wa Wahehe. Hapa kanuni imetimia yote: haki iliyonyang'anywa, maisha ya ugenini, adui, marejeo na ushindi. Mwandishi anayeifuata kwa uaminifu angemalizia hapo, na filamu yake ingependeza.

Lakini anayezijua habari za Mkwawa anajua kwamba hapo hajafika hata nusu. Bado kuna Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani kilivamiwa na kuangamizwa pamoja na kiongozi wake, Emil von Zelewski. Bado kuna kuanguka kwa ngome ya Kalenga, Oktoba 1894, na miaka karibu minne ya kuvizia na kuhamahama porini, hadi tarehe 19 Julai 1898 alipojipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai. Katika sehemu hii yote shujaa haendi popote kutafuta hazina. Ulimwengu wa kigeni ndio unaovuka mpaka na kumfuata kwake, na mtihani wake ni kukataa kusalimu amri katika nchi yake mwenyewe. Sioni kipengele hata kimoja kati ya vile 17 kinachoweza kubeba uzito huo bila kupindwa. Kilichosafiri ni kichwa chake, ambacho Wajerumani walikikata. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu hilo likabidhiwe, lakini lilirejea Kalenga mwaka 1954, likapokewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa.

Fasihi yetu ya Kiswahili nayo inalijua jambo hili. Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi za pwani, anatoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, na bado anakuja kuuawa na mwanawe mwenyewe. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert wajumbe wanatumwa pande sita, wanarudi na habari za kuifaa nchi yao, na malipo yao ni kifungo. Kwa haki, Campbell mwenyewe aliandika kwamba kurudi ni kugumu na kwamba jamii yaweza kutoielewa zawadi ya shujaa. Waliolirahisisha dai lake ni wale walioigeuza kazi yake kuwa mwongozo wa kuandikia filamu.

Ndiyo maana nawasihi vijana wa Iringa na Mbeya wanaoandika filamu na tamthilia wasianzie utotoni mwa Mkwawa, bali waichukue ile miaka kati ya 1894 na 1898. Mkwawa hakuishi porini kwa nguvu zake peke yake. Walikuwapo watu waliomficha na kumpelekea chakula, wakijua adhabu inayowangoja, huku Wajerumani wakiwa wametangaza rupia 5,000 kwa atakayekileta kichwa chake. Shujaa wa hadithi ya namna hiyo atakuwa kijiji kizima, na kazi ngumu ya mwandishi itakuwa kuamua nani asimulie: yule aliyepeleka chakula hadi mwisho, au yule aliyechoka akasema.

Msomaji, Iringa