Hotidogi za Chicago: kibanda gani, vikorombwezo gani, na kwa nini tomato sosi hairuhusiwi

Mkuu, nimesoma swali lako. Unakuja Chicago mwezi wa kumi na familia kumshangilia shemeji yako kwenye marathoni, mmesikia hotidogi za huku zina masharti, na unataka kujua mwende kibanda gani, kwa nini watu wanagombana kuhusu tomato sosi, na kama nyinyi Waislamu mnaweza kuzila. Naishi huku upande wa kaskazini na vibanda hivi nimevizunguka kuliko anavyopenda daktari wangu, kwa hiyo uvumilie urefu.

Nianze na la dini maana ndilo linaloamua mengine. Hotidogi ya Chicago, yaani soseji ndani ya skonzi, ni nyama ya ng'ombe tupu. Vibanda vingi vinachukua soseji kutoka Vienna Beef, kampuni iliyotokana na wahamiaji wawili wa Austria-Hungary, Emil Reichel na Samuel Ladany, waliouza soseji zao kwenye maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika hapa mwaka 1893. Wauzaji wengi wa enzi zile walikuwa Wayahudi, na nguruwe hawagusi kama nyinyi. Lakini ng'ombe peke yake haimaanishi halali. Haikuchinjwa kwa utaratibu wenu, na ile ngozi ya utumbo inayofunika soseji inabidi uulize ni ya mnyama gani. Mimi ni Mlutheri wa Moshi, nakula zote. Mke wangu ni Muislamu na vibandani hali. Nyumbani tunanunua soseji za halali kwenye mabucha ya Wapakistani pale Devon Avenue, mengine tunachukua supamaketi, tunajitengenezea. Kama na nyinyi ni wakali kwenye kuchinja, Devon ndiyo mtaa wenu, na mtakula vizuri sana huko hata bila hotidogi.

Sasa yenyewe. Kwa kawaida soseji haichomwi, inapashwa kwenye maji ya moto, na ukiing'ata ile ngozi inapasuka kwa mlio. Skonzi yake ndefu imenyunyiziwa mbegu za popi, nayo inapitishwa kwenye mvuke mpaka ilainike. Juu inakuja haradali ya njano, achari tamu ya matango iliyosagwa ambayo kijani chake kinatisha (ni rangi, usiogope), kitunguu cheupe kilichokatwa vidogo, vipande vya nyanya, kipande kirefu cha tango la siki, pilipili ndogo za kijani zilizolowekwa kwenye siki, halafu chumvi ya seleri. Fikiria kachumbari ambayo kila kiungo kimegoma kuchanganyika na mwenzake. Ukiulizwa unataka nini juu yake, mwambie aweke vyote. Ukianza kuchambua, foleni nyuma yako inaanza kuguna. Zile pilipili usizidharau kwa udogo wake, na usimpe mtoto.

Watu wa hapa wanaieleza hotidogi kwa kuhesabu vinavyowekwa. Mimi naona vibanda vinatofautiana zaidi kwa kile ambacho kila kimoja kinakataa. Vikorombwezo vyote saba unavipata hata uwanja wa ndege. Ukitaka kibanda chenye tabia, tafuta chenye ukaidi.

Gene & Jude's, kule River Grove, si mbali na uwanja wa ndege wa O'Hare, ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ipo tangu 1946. Hawana viti. Hawana tomato sosi, wala usiulize. Nyanya hakuna, tango hakuna, chumvi ya seleri hakuna. Unapewa haradali, achari ya kijani, kitunguu na pilipili, kisha wanaimwagia rundo la chipsi za moto juu yake na kuifunga yote kwenye karatasi. Ukiifungua, chipsi zimeshanywa haradali na mvuke umelainisha kila kitu. Wengi wanakula wamesimama kaunta au wameegemea gari. Wenyeji wanaiita hotidogi ya mdororo, kwa sababu mtindo huu unatajwa kuanzia miaka ya 1930 wakati uchumi wa Marekani ulipoanguka. Kabla yake kidogo, mwaka 1929, kibanda cha Fluky's pale Maxwell Street, mtaa wa soko, kilikuwa kikiuza hotidogi na mboga zake kwa senti tano, na mtu asiye na kazi akala akashiba. Zipo familia zaidi ya moja zinazodai kuwa ndizo zilizoianzisha hotidogi ya Chicago, na ubishi huo hautaisha leo. Kwa maoni yangu hii nyembamba ya Gene & Jude's ni bora kuliko ile yenye mboga zote, kwa sababu ladha ya soseji unaipata. Kuna watu watanijia juu hapa, karibuni.

Superdawg, kona ya Milwaukee na Devon, ilianzishwa 1948 na mtu na mkewe, Maurie na Flaurie Berman, na juu ya paa kuna sanamu mbili kubwa za soseji, mume na mke, zenye majina yao. Hawa wao wanakataa nyanya nyekundu, wanakuwekea nyanya ya kijani iliyolowekwa. Unabaki ndani ya gari, unaagiza kwa spika, mhudumu anakuletea trei na kuipachika dirishani. Hotidogi inakuja kwenye boksi, imelazwa juu ya chipsi. Ukiwa na watoto nenda hapa, hakuna mjadala. Portillo's nayo ni salama kwa watoto. Ilianza kama trela Villa Park mwaka 1963, leo ina matawi mengi, hotidogi ni nzuri na viti vipo. Basi, sina la kuongeza kuhusu Portillo's.

The Wieners Circle, mtaa wa Clark, wao wanakataa adabu. Hiyo ni sifa yao. Usiku wa manane walevi wakitoka baa, wahudumu na wateja wanatukanana matusi ya nguoni kama sehemu ya huduma. Soseji ya kuchoma pale ni tamu kweli, imebabuka nje. Nenda mchana, na mama mkwe usimpeleke.

Tahadhari moja kwa familia yako: Polish ya Maxwell Street ni kitu kingine. Ni soseji nene ya kukaanga, mara nyingi ina nguruwe ndani, inawekwa haradali na lundo la vitunguu vilivyokaangwa. Jim's Original wanaiuza tangu 1939, na soko la Maxwell lilipohamishwa miaka ya 1990 chuo kikuu kilipokuwa kinapanuka, wao baadaye wakasogea mtaa wa jirani wakaendelea. Hapo hapo wanauza na nyama ya nguruwe ya kukaanga, kwa hiyo hata ukiagiza ya ng'ombe, fikiria bamba la kukaangia ni lile lile.

Kuhusu tomato sosi. Sababu ya ladha ni nyepesi: nyanya ipo tayari, utamu upo kwenye achari ya kijani, siki ipo kwenye tango na pilipili. Ukiongeza sosi yenye sukari unaua haradali na chumvi ya seleri. Ila ukweli ni kwamba siku hizi imekuwa kitambulisho cha mji kuliko suala la ulimi. Obama, ambaye alijenga siasa zake hapa, aliulizwa kwenye kipindi cha televisheni cha mpishi Anthony Bourdain mwaka 2016 akasema mtu akishavuka miaka minane haikubaliki tena. Mwaka uliofuata Heinz, kampuni ya tomato sosi, wakaleta chupa iliyoandikwa kwamba ni sosi ya hotidogi ya Chicago, kumbe ndani ni ile ile tomato sosi yao. Watu walicheka, na hakuna aliyebadili msimamo. Mtoto wako akiitaka, vibanda vingi watampa. Wewe mtu mzima jikaze.

Usitegemee pia kuona mikokoteni ya soseji barabarani kama New York. Kwa miaka mingi jiji lilibana sana upishi wa mikokoteni, ndiyo maana hivi tunavyoviita vibanda ni vijumba kabisa, vyenye dirisha, taa za neon na bango la Vienna Beef. Ukiona bango hilo kwenye mtaa usioujua, ingia tu.

Siku yenyewe ya mbio usipange kwenda mbali kwa gari kabla ya mchana, barabara nyingi zinafungwa. Wakimbiaji wanaanzia na kumalizia Grant Park, katikati wanapita Taylor Street, na Jim's Original haiko mbali na hapo. Harufu ya vitunguu utaisikia, ila kwa sababu niliyosema, mpige picha muendelee. Superdawg iwekeni Jumatatu, shemeji akiwa ameweza kukunja magoti kuingia garini.