Ticha mpya wa Kiingereza, usiimalize sauti yako muhula wa kwanza

Wadogo zangu mlioripoti juzi shule za Mbagala, Gongo la Mboto, Chanika na huko kote, karibuni. Mimi huu mwaka wa 11 nafundisha Kiingereza na kitu kikubwa nilichojifunza nilijifunza nikiwa bubu.

Muhula wangu wa kwanza sauti ilikata. Siyo kukwaruza, ilikata, nafungua mdomo inatoka hewa tu na form wani 90 wananitolea macho. Daktari akasema pumzisha koo na hata kunong'ona usinong'one maana nako kunaliumiza. Sasa ruhusa hamna, walimu wenyewe wachache, ikabidi niingie darasani hivohivo na chaki. Nikaandika ubaoni wasogeze madawati yawe daladala, mmoja awe konda, wengine abiria, ila ni Kiingereza tu humo ndani, ugomvi wa chenji ruksa.

Kuna kijana alikuwa hajawahi kunyoosha mkono tangu Januari. Huyo ndo akashika mlango, akapiga bodi mara mbili akapaza sauti, "Go behind, there is chance!" Yaani sogeeni nyuma kuna nafasi. Darasa lilikufa kwa kicheko na mimi kwa bahati nzuri sikuweza kumkatisha, maana ningekuwa na sauti ningemsahihisha palepale na asingeongea tena mpaka form foo. Nikaandika kwenye kikaratasi, mchezo ulipoisha nikaweka ubaoni "Move back, there's room" bila kutaja nani kasema, wote wakarudia. Mpaka leo nafanya hivyo, makosa nayakusanya kimyakimya afu tunayamaliza pamoja mwishoni.

Piga hesabu mwenyewe, kipindi dakika 40, watoto 90, ukiwagawia sawasawa kila mmoja ana sekunde kama 26 za kuongea na hapo wewe hujafungua mdomo kabisa. Waweke wawili wawili, 45 wanaongea kwa mpigo. Kelele zitakuwepo bana, wala usiogope, mtaarifu tu mwalimu wa darasa la jirani na yule wa zamu asije akachungulia dirishani na fimbo. Ukitaka kimya usipige kelele, piga makofi ya kilo, wakishajibu mikono iko busy na midomo imefunga.

Lingine ni he na she. Watoto wetu watakwambia "My mother he is sick" sio kwamba hawana akili, ni kwamba kwetu yeye ni yeye, awe mama awe baba. Ukieleza ubaoni wanaitikia yes ticha halafu kesho yaleyale. Fanya hivi, kila mtu aandike sentensi tatu kuhusu mtu wa nyumbani kwao bila kusema ni nani, mwenzake abashiri. Mwaka jana binti mmoja akasoma "She has a big beard", akabashiriwa bibi, mwenyewe akang'aka ni babu yangu! Sikuongeza neno.

Na vile vibao vya kukataza Kiswahili shule nzima, hapa nitakosana na watu, ila mtoto katoka miaka saba ya msingi kila kitu Kiswahili, ukimwambia asiseme kitu mpaka aseme Kiingereza atanyamaza tu. Kwenye daladala yangu akikwama anaruhusiwa kuuliza "How do you say shusha?" na mchezo unaendelea.

Kusahihisha sasa. Daftari dakika tatu, madaftari 90 ni saa nne na nusu, na hapo ni mkondo mmoja. Mimi nilikuwa nabeba mfuko mzima kwenda nao nyumbani, siku moja nikausahau kwenye gari nikashuka na mkoba tu, kesho yake nazunguka Rangi Tatu kama chizi kuuliza makonda. Ukapatikana kwa muuza karanga, madaftari mawili yalishachanwa yamekuwa vifungashio. Wazazi wa wale watoto wawili niliwanunulia daftari mpya na soda za kuombea msamaha. Tangu hapo nasahihisha safu moja kwa siku, palepale shuleni, na kosa naweka alama tu, T ya tensi, S ya speling, mwenyewe alitafute. Zile za kujaza nafasi wanabadilishana wanasahihishana.

Group la wasap la wazazi likizimwa sauti saa mbili usiku hakuna atakayekufa. Mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kukumaliza, sitaki hata kuiongelea, mtaambiwa na wenzenu ofisini, wengi tu wana historia.

Maji kunywa kidogokidogo kila kipindi usisubiri kiu, na chupa iandike jina kwa maka pen kabisa, ofisi ya walimu ile kitu kisicho na jina ni cha wote.