Mpira ukipotea, nani akimbie na nani abaki?

SWALI: Tukipoteza mpira karibu na boksi la wapinzani, mshambuliaji na winga wetu huufuata mbio. Pasi moja inawapita wote wawili, kisha mabeki wetu wanakumbana na kaunta, yaani shambulizi la haraka la wapinzani. Tuongeze mazoezi ya pumzi?

JIBU: Hapana. Wawili wakikaba huku wengine wanatazama, hakuna pumzi itakayotosha.

Angalieni mlivyokaa kabla mpira haujapotea. Mchezaji wenu wa karibu akiwa mita 15 kutoka kwenye mpira, mpinzani atainua kichwa na kuchagua pasi. Akiwa mita 5 hadi 8, hapati nafasi hiyo. Barcelona ya kocha Pep Guardiola (2008–2012) iliupora mpira mapema kwa sababu ilishambulia kwa pasi fupi, watu wakiwa wamesogeleana.

Aliye karibu zaidi ndiye amwendee mwenye mpira, tena akizungukia upande wa katikati ili amsukume pembeni. Akibakiza hatua mbili tatu apunguze kasi. Akijitupa miguuni anapigwa chenga, na kazi ya wenzake wote inaharibika. Wa pili na wa tatu wasiufuate mpira, wazibe njia za pasi fupi. Hapo ndipo winga wenu anapokosea: anamwacha kiungo wa wapinzani aliye huru na kukimbilia mpira ambao tayari una mtu.

Kosa kubwa zaidi, na ambalo halionekani upesi, liko nyuma. Washambuliaji wanakaba, mabeki wa kati wanarudi kwa woga, na katikati panabaki uwazi wa mita 30 au zaidi. Mabeki wapande hadi karibu na mstari wa kati, wamkabe kwa karibu mshambuliaji wa wapinzani aliyeachwa mbele. Kiungo mkabaji asimame mbele yao kuokota mipira inayobutuliwa, na kipa asogee ukingoni mwa boksi.

SWALI: Tukabe kwa sekunde ngapi?

JIBU: Tano au sita. Mpinzani akishageuka na kuona mbele, acheni, rudini mjipange nyuma ya mpira. Kung'ang'ania baada ya hapo ni kujiacha wazi wenyewe.

Mazoezini chezeni 5 kwa 5 kwenye eneo la mita 30 kwa 20, lenye magoli madogo. Bao litokanalo na mpira ulioporwa ndani ya sekunde 5 lihesabiwe mawili. Kila raundi dakika 2, mapumziko dakika 2. Ikirefuka, wachezaji huanza kukimbia nusunusu, na hivyo ndivyo watakavyokaba kwenye mechi.